Riviu: madaftari ya Wakweka kwa anayemtafuta babu aliyetua Pennsylvania enzi za koloni

Nianze na hukumu kabisa ili asiye na muda aisome hapa aendelee na shughuli zake: kama kwenye ukoo wenu kuna mzee Mkweka (Quaker, yaani wa lile dhehebu la Kikristo la Marafiki) aliyevuka bahari kwenda Pennsylvania au New Jersey miaka ile ya 1670 na 1680, hela yenu ipelekeni kwenye picha za madaftari ya mikutano yao, siyo kwenye kitabu cha ukoo kilichopangwa na kampuni, na siyo kwenye miti ya ukoo ambayo watu wananakiliana onlaini bila kuuliza imetoka wapi. Mkusanyo wa kumbukumbu za Wakweka ulioko Ancestry, ile websaiti ya kulipia ya kutafuta ukoo, naupa nyota tano kwa picha zake. Maktaba mbili za vyuo kule nje kidogo ya Philadelphia nazo nazipa tano, na kama ingekuwepo ya sita ningewaongezea. Kampuni ya utafiti ambayo baba mkwe aliilipa nitaifikia huko mbele.

Mimi nimeolewa kwenye huo ukoo. Upande wa mume wangu asili yao ni kaunti ya Chester, Pennsylvania, na mzee wao wa kwanza kufika alikuwa mkulima wa Cheshire kule Uingereza aliyehamia mwanzoni kabisa mwa koloni la William Penn, Mkweka aliyeanzisha Pennsylvania. Jina lake siliweki hapa maana familia wameomba hivyo, nitamwita Mzee tu. Watoto wangu ni vilembwe vya vilembwe vyake, damu yake wanayo, na ya babu zangu wanayo, ndo maana hili jambo nimelivalia njuga, nataka wajue pande zote mbili kwa uzito uleule.

Kwanza ieleweke kwa nini hawa watu wanafuatilika kuliko walowezi wengine. Wakweka, au Marafiki kama wanavyojiita wenyewe (mliokulia kanisa la Friends kule Kaimosi hamhitaji kuelezwa), walianza Uingereza miaka ya 1650 na George Fox, na serikali haikuwaacha wapumue. Sheria ya 1662 iliwalenga wao kwa sababu walikataa kula kiapo, ya 1664 ikapiga marufuku ibada nje ya kanisa la serikali, watu wakafungwa, wakanyang'anywa ng'ombe, nguo, mpaka vyombo vya kupikia. Ng'ambo nako hakukuwa salama, Boston waliwanyonga Wakweka wanne kati ya 1659 na 1661, mmoja wao mama, Mary Dyer. Watu walioonewa namna hiyo wakajijengea tabia ya kuandika: nani kafungwa, nani kanyang'anywa nini na thamani yake, nani kazaliwa, nani kahama, nani anataka kuoa, nani kagombana na nani. Hiyo tabia wakaivusha bahari pamoja na majembe yao.

Na kuna vitu hawakuwa navyo kabisa, hapo ndipo watu wengi wanapoteza muda. Hawakubatiza kwa maji, kwa hiyo rejista ya ubatizo hakuna. Hawakuwa na mchungaji wa kulipwa wa kufungisha ndoa. Na wale wa mwanzo hawakuweka mawe ya makaburi yenye majina kwa sababu waliona ni majivuno, kwa hiyo ukizunguka makaburini kwenye nyumba zao za mikutano za zamani unaona nyasi tu huku chini wamelala watu wengi. Mtu akikwambia ana picha ya kaburi la babu Mkweka wa mwaka 1690 na jiwe zuri lenye jina na tarehe, muulize hilo jiwe liliwekwa lini, mara nyingi liliwekwa na wajukuu wa karne ya 19 au ya 20 na tarehe wakaitoa kichwani.

Sasa huduma yenyewe. Ancestry waliweka huu mkusanyo 2014 kwa kushirikiana na vyuo vinne vyenye asili ya Kikweka, Swarthmore na Haverford vya Pennsylvania, Earlham cha Indiana na Guilford cha North Carolina, na unaanzia 1681 mpaka 1935. Unachopata ni picha ya ukurasa wenyewe, yaani unaona wino, unaona karani kakata mstari hapa akaongeza neno pale pembeni, unaona mahali panya walipopita. Unakuza, unapunguza, unadaunlodi, unabaki nayo hata ukiacha kulipia. Kwangu mimi hilo la kubaki nayo ndo lenye thamani kuliko yote maana kusoma huu mwandiko siyo kazi ya siku moja, unahitaji kuurudia ukurasa uleule ukiwa umetulia.

Wengi wanaandika jina kwenye kisanduku cha kutafutia, wanaona majibu matatu manne, wanafunga wanasema hakuna kitu. Hapana jamani. Faharasa yoyote ya mwandiko wa karne ya 17 ina mipaka yake, karani alikuwa anaandika jina jinsi alivyolisikia, ukurasa huu herufi moja unaofuata mbili, na jina likitajwa katikati ya miniti za kikao siyo rahisi liwe limeingizwa kwenye faharasa. Njia inayolipa ni kuingia kwa jimbo, halafu kaunti, halafu mkutano, ukafungua daftari na kulisoma kuanzia mwanzo kama unavyosoma gazeti. Inachosha, ndiyo. Lakini Mzee kwa kutafuta jina tu alikuwa anaonekana kwenye ndoa na kwenye kifo, basi, ilhali kwenye miniti yumo kila baada ya kurasa chache, katumwa kukagua barabara, kachaguliwa kuwakilisha kwenye mkutano wa robo mwaka, kachangia ngano kwa ajili ya mjane fulani.

Ila lazima ujue ni mkutano upi. Kulikuwa na ibada ya kila wiki kijijini, halafu mkutano wa mwezi ambao ndo ulikuwa unashughulikia mambo ya watu na ndo wenye madaftari unayoyataka, halafu robo mwaka, halafu mkutano wa mwaka, ule wa Philadelphia ambao kikao chake cha kwanza kilikaa Burlington, New Jersey, 1681. Watu walivyozidi kusogea magharibi kutafuta ardhi, mkutano wa mwezi uligawanyika ukazaa mwingine, Chester ukazaa Goshen na kadhalika, kwa hiyo mtu anaweza kuishi shamba lilelile maisha yake yote na bado habari zake zikawa kwenye madaftari ya mikutano miwili tofauti. Kabla hujalipia chochote chora kwanza hiyo ramani ya mikutano ya eneo lako, ipo bure kwenye websaiti nyingi za historia ya Wakweka.

Tarehe. Hapa naomba usome taratibu maana hapa ndipo miti mingi ya ukoo imeharibika. Wakweka hawakutumia majina ya miezi wala ya siku kwa sababu waliona ni majina ya miungu ya kipagani, wakahesabu: siku ya kwanza, mwezi wa pili, hivyo. Sisi nasi tumezoea kuhesabu miezi kwa namba kwa hiyo ukiona mwezi wa kwanza unaandika Januari bila kufikiri. Mpaka 1752 Uingereza na makoloni yake walikuwa kwenye kalenda ya zamani na mwaka ulikuwa unaanza tarehe 25 Machi, kwa hiyo mwezi wa kwanza wa Mkweka ni Machi, wa pili Aprili, na wa kumi na mbili ni Februari. Ukikuta mtoto kazaliwa siku ya 10 ya mwezi wa 12 mwaka 1683, kwa hesabu yetu huyo kazaliwa Februari 1684. Ndo maana unaona watafiti makini wanaandika 1683/4. Kwenye mti mmoja wa ukoo wetu ulioko onlaini kuna mama kajifungua watoto wawili wakipishana miezi minne, na kila anayenakili ananakili hivyohivyo, kumbe ukirudisha tarehe kwenye kalenda yao wanapishana mwaka na miezi kadhaa. Kuanzia 1752, mwaka ambao zilirukwa siku 11 za Septemba, mwezi wa kwanza ukawa Januari na Wakweka nao wakafuata. Kwa hiyo karatasi moja kabla ya hapo inasomwa hivi na nyingine baada ya hapo inasomwa vile, na zile siku za Machi kabla ya tarehe 25 ndo zina utata kuliko zote, ukizikuta andika kama zilivyo usizitafsiri.

Nikienda kwenye ndoa, huu ndo utajiri. Kijana na binti walikuwa wanasimama mbele ya mkutano wa mwezi wanatangaza nia, mkutano unateua watu wawili kumchunguza kijana na akina mama wawili kumchunguza binti, wako huru? hawajaahidiana na wengine? wazazi wamekubali? Kikao kinachofuata wanasimama tena, wanakubaliwa, ndipo ndoa inafungwa kwenye ibada bila mchungaji, wanaahidiana wenyewe kwa wenyewe, na cheti kinasainiwa na kila aliyekuwepo. Kila aliyekuwepo! Na kwa desturi ndugu wa karibu wanasaini upande mmoja chini ya majina ya maharusi, kwa hiyo ukurasa mmoja unakupa wajomba, mashangazi, mama wa kambo, na majirani. Sisi kijiji cha asili cha Mzee tulikipata kwa njia hii, siyo kwa karatasi iliyomtaja yeye, bali kwa mashahidi wa ndoa yake, kadhaa walikuja na barua za utambulisho kutoka mkutano mmoja wa Cheshire na barua hizo zimenakiliwa daftarini zikitaja walikotoka. Majirani wa nyumbani walihama pamoja wakanunua mashamba yanayopakana, ukimkosa unayemtafuta mfuate jirani yake.

Hizo barua za utambulisho nazo ni jambo la kuzingatia. Mkweka akihama alikuwa anaomba barua kwenye mkutano wake kwamba ni mtu wa mwenendo mzuri, hana deni, hana ahadi ya ndoa, na anakohamia inasomwa na kuandikwa. Kwa walowezi wa mwanzo hii ni karibu sawa na orodha ya abiria, maana orodha rasmi za abiria Waingereza kwa miaka hiyo hazikuwepo, zile za kisheria za Philadelphia zinaanza 1727 na ni za Wajerumani.

Halafu kuna nidhamu. Naongea kama mtu niliyesoma haya madaftari kwa mapenzi: hapa ndipo Mzee alipoacha kuwa jina akawa mtu. Aligombana na jirani, Mkweka mwenzake, kuhusu mpaka wa shamba, akampeleka mahakamani bila kupitia kwanza kwenye mkutano, na hilo lilikuwa kosa kwao. Mkutano ukatuma watu wawili wakaongee naye. Wakarudi wakasema kawasikiliza ila hajalainika. Wakatumwa tena. Kikao kingine, tena. Mwishowe akaleta karatasi aliyoiandika kwa mkono wake akikiri kwamba alitenda kwa haraka na kwa hasira na akaomba Marafiki wampokee, na karani kainakili yote. Ni mistari michache, mwandiko mbaya, lakini ndo maneno pekee ya Mzee yaliyobaki duniani kwa jinsi tunavyojua mpaka sasa. Mume wangu alivyosomewa alikaa kimya muda mrefu halafu akaomba nirudie.

Wasioandika karatasi kama hiyo walitengwa. Sababu kubwa inayojirudia kwenye madaftari ni kuoa au kuolewa nje, yaani na asiye Mkweka au mbele ya mchungaji, na watu wanadhani mtu akitengwa ndo habari zake zimekatika. Siyo kweli, kikao kinachomtenga kinaandika mara nyingi jina alilokuwa nalo binti kabla ya ndoa na jina jipya, kwa hiyo kwa anayetafuta ukoo ile aibu ya wakati ule leo ni ushahidi. Mjukuu mmoja wa kike wa Mzee tulimpoteza kabisa kwenye kila chanzo kingine, tukampata kwenye miniti za akina mama, kaolewa mbele ya mchungaji, kaonywa, kakataa kuomba radhi, katengwa. Nasisitiza miniti za akina mama. Wanawake walikuwa na kikao chao na karani wao na daftari lao, na nimeona watafiti wanaolipwa hela nzuri wakilipita kama halipo. Msilipite. Daftari la wanaume linasema nani katumwa na lini, la wanawake linasema nani alikuwa mgonjwa, nani kapewa kitambaa, nani kamtunza mtoto wa marehemu.

Vya bure sasa. FamilySearch ni bure, unafungua akaunti tu, na wana picha nyingi za wosia na za hati za ardhi za Pennsylvania, nyingine unaziona nyumbani na nyingine mpaka uende kwenye vituo vyao. Nyaraka za jimbo zilizoko Harrisburg nazo wameweka onlaini bila malipo rejista za ardhi na michoro ya wapimaji. Utaratibu ulikuwa hivi: kwanza unapata kibali cha kupimiwa, halafu mpimaji anachora, halafu unapata hati ya mwisho, na ni karatasi tatu tofauti, tafuta zote tatu maana kati ya ya kwanza na ya mwisho inaweza kupita miaka mingi na mwenye shamba keshakufa. Penn alipewa koloni na mfalme Charles II tarehe 4 Machi 1681 kulipia deni la pauni 16,000 alilokuwa anadaiwa na marehemu baba yake Penn, admirali, na akaanza kuuza ekari 5,000 kwa pauni 100, na wa kipato kidogo wakanunua kidogo kwa kiwango hichohicho. Mzee wetu alinunua ekari 250, yaani pauni 5, na kila mwaka alidaiwa shilingi moja kwa kila ekari 100. Ukijua hesabu hiyo unaelewa kwa nini mkulima aliyenyang'anywa ng'ombe Cheshire aliuza kila kitu akapanda meli.

Wosia: kaunti za kwanza 1682 zilikuwa tatu, Philadelphia, Bucks na Chester, lakini wosia wa Chester wa kabla ya 1714 uko Philadelphia, kwa hiyo mtu wa Chester aliyekufa mapema usimtafute West Chester, makao ya kaunti hiyo, ukakata tamaa. Na usiishie kwenye wosia, omba na orodha ya mali, ile ambayo majirani wawili waliingia nyumba ya marehemu wakaandika chumba kwa chumba kila kitu na bei yake.

Nilipoifungua ya Mzee nilikuta vitanda, vyombo vya bati, gurudumu la kusokotea, ngano iliyoko shambani, ng'ombe, na katikati ya ng'ombe na vitanda, msichana mmoja mweusi, bila jina, na bei.

Nimeandika hili kwa sababu riviu nyingi za huduma hizi zinaongelea Wakweka kama watakatifu waliopinga utumwa tangu siku ya kwanza. Haikuwa hivyo. Penn mwenyewe alimiliki watumwa. Mwaka 1684, koloni likiwa na miaka mitatu tu, meli iitwayo Isabella iliingia Philadelphia na Waafrika 150 na walowezi wakawanunua. Mwaka 1688 watu wanne wa Germantown, akiwemo Francis Daniel Pastorius, waliandika karatasi ya kupinga, wakauliza ninyi mngekubali kufanyiwa hivi, karatasi ikapandishwa kutoka mkutano wa mwezi mpaka wa robo mpaka wa mwaka na ikawekwa kando. Ilichukua mpaka 1758 mkutano wa mwaka wa Philadelphia uanze kuwabana wanaonunua na kuuza watu, na 1776 ndipo waliposema anayeendelea kumiliki mtumwa atengwe. Hapo kati ni karibu miaka 90, vizazi vitatu vya watu. Kwa hiyo nikiwa mama Mwafrika naikuza picha kwenye skrini naona yule msichana asiye na jina, na watoto wangu wanamwita aliyemmiliki babu, mimi siwezi kusema huduma hii ni ya kufurahisha tu. Ni ya kweli. Na ndicho ninachoilipia.

Kuna mahali pa kuendelea kumtafuta huyo msichana, na hapa naishukuru Haverford kwa moyo wote: wametunza karatasi za kuwaachia huru watu waliokuwa wakimilikiwa na Wakweka, nyingi za miaka ya 1770 mikutano ilipowabana wanachama wao, na wameziweka onlaini, zina majina ya walioachiwa, mara nyingi na umri. Mzee alikufa mapema kuliko hapo, lakini mali yake na watu wake vilirithiwa, na tunafuata warithi mmoja baada ya mwingine. Kama ukoo wako ni wa upande huo mwingine, wa waliomilikiwa, anzia kwenye hizi karatasi kabla ya kulipia chochote.

Na ardhi ile ilikuwa na wenyewe, Walenape. Penn alinunua kwao na alijitahidi kuishi nao kwa amani kuliko makoloni mengine, ila wanawe 1737 waliwafanyia Walenape ule udanganyifu wa ardhi ya kupimwa kwa mwendo wa siku moja na nusu, wakatafuta watu wa kukimbia wakachukua eneo kubwa mno. Ukiandika historia ya shamba la babu usianzie na hati ya Penn kana kwamba kabla yake hapakuwa na mtu.

Turudi kwenye maktaba. Swarthmore kuna maktaba ya historia ya Marafiki na Haverford kuna mkusanyo wao, zote mwendo mfupi wa treni kutoka Philadelphia. Mbona mbili? Kwa sababu 1827 Wakweka wa Philadelphia walipasuka makundi mawili, wafuasi wa Elias Hicks na wale walioitwa wa Kiorthodoksi, kila upande ukabaki na madaftari yake, na kwa mapokeo Swarthmore ikawa ya kundi la Hicks na Haverford ya upande wa pili. Hata kama babu yako alikufa miaka zaidi ya 100 kabla ya mpasuko huo, madaftari yake yalifuata mkondo wa waliokuja baadaye, kwa hiyo waandikie zote mbili kabla ya kwenda. Wanajibu, wanajibu kwa kina, na mhudumu mmoja alinionyesha kwamba daftari nililokuwa nalisoma onlaini lilikuwa ni nakala safi, na kwamba kuna rasimu ya kikao hichohicho yenye maneno ambayo karani baadaye aliyaondoa. Hilo hakuna kompyuta ingenipa. Mikono misafi, penseli tu, begi unaacha nje, na panga miadi mapema.

Mtasikia pia habari za vitabu vya William Wade Hinshaw, mwimbaji wa opera aliyeacha jukwaa akatumia miaka yake ya mwisho kukusanya habari za Wakweka, juzuu sita, zilianza kutoka 1936. Ni kazi kubwa ya kuheshimika. Lakini juzuu inayogusa Pennsylvania ina mikutano michache tu, Philadelphia na Falls, pamoja na Burlington na Salem za New Jersey, Chester hamna, kwa hiyo ukikosa jina humo haimaanishi mtu hakuwepo. Na ni muhtasari wa vifupisho, dis ni katengwa, mou ni kaoa nje, kwa hiyo ukipata jina rudi kwenye daftari lenyewe usome habari kamili.

Upande wa Uingereza kwa kifupi: rejista za Wakweka za kuzaliwa, ndoa na mazishi zilikabidhiwa serikalini na ziko hifadhi ya taifa ya Kew, London, fungu la RG 6, na kumbukumbu za mateso ziko maktaba ya Marafiki barabara ya Euston. Joseph Besse alizikusanya na kuzichapa 1753. Humo tulimkuta mtu mwenye jina la Mzee kanyang'anywa mali Cheshire, ila jina hilo lilikuwa la wengi na hatujaliunganisha, limebaki pembeni na alama ya kuuliza.

Na kampuni. Baba mkwe, Mungu amjalie, aliwalipa watafiti wa kampuni moja sitaitaja akapewa kitabu kizuri chenye jalada gumu na nembo ya ukoo yenye simba, mambo ambayo Mkweka wa 1683 asingeyataka hata kwenye kijiko. Ndani wameandika Mzee alikuja na meli ya Welcome pamoja na Penn 1682. Orodha rasmi ya abiria wa Welcome haipo, zilizopo zimeundwa baadaye na watafiti kwa kuunganisha ushahidi, na kwenye zile makini zaidi Mzee hayumo. Meli ile ilibeba watu kama 100 na karibu 30 walikufa njiani kwa ndui, ilhali mwaka ule na uliofuata zilikuja meli nyingi nyingine, lakini kila ukoo unataka babu yao awe ile moja. Kitabu hakikuwa na rejeo hata moja la daftari la mkutano, ndoa imetolewa kwenye mti wa mtu onlaini, tarehe zote za mwezi wa kwanza zimeandikwa Januari, na msichana wa kwenye orodha ya mali hakutajwa, ingawa wosia wamenukuu na karatasi hizo mbili zinakaa faili moja. Tulipowaandikia kuuliza vyanzo walijibu kwamba huo ni utafiti wa ziada wenye malipo yake. Mtu akitaka kuwalipa watafiti, na wapo wazuri sana, adai kwanza aone sampuli ya ripoti yenye rejeo la daftari na ukurasa kwa kila sentensi, asipopewa aondoke.

Kuhusu gharama za Ancestry, usikimbilie kulipia mwaka mzima. Maktaba nyingi za umma Marekani zina toleo la maktaba, unatumia bure ukiwa mle ndani. Ukilipia nyumbani, fanya kwanza kazi ya ramani ya mikutano na orodha ya majina ya majirani, halafu lipia kwa mwezi, daunlodi kila ukurasa unaouhitaji ukiupa jina la mkutano, daftari na namba ya picha, sitisha, kisha kaa usome taratibu. Mwandiko ukikushinda anza na kurasa za ndoa maana maneno yake ni yaleyale kila mara, ukishayazoea macho yanafunguka kwa kurasa nyingine. Sisi kwa sasa tuko kwenye miniti za akina mama za miaka ya 1690, na mwenye kujua mkutano ambao wake wa Wakweka wa Cheshire walikuwa wanauhudhuria kabla ya kuhama aniandikie hapo chini.